Kibweta cha Filamu na Thamani ya Picha Moja

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuwasimulia habari za chombo kidogo ambacho watu wengi hawajakiona. Chombo hicho ni kibweta chembamba, bapa kama ubao wa kuandikia, ambacho wapiga picha hutilia filamu moja moja kabla ya kuipachika nyuma ya kamera. Ni kitu kidogo, lakini zimo kazi kubwa za dunia zilizokitegemea.

Kwanza yafaa tufahamu asili ya jambo lenyewe. Kamera ni sanduku la giza lenye jicho la kioo mbele. Nyuma yake hukaa kitu kilichopakwa dawa yenye fedha, nayo dawa hiyo hubadilika mara ipatapo nuru. Basi mpiga picha ana mashaka mawili. Ni lazima dawa ikae gizani tangu nyumbani hata itakapofika kazini. Tena ni lazima, saa ya kupiga, isimame mahali pake hasa, kwani ikisogea mbele au nyuma hata kwa unene wa ukucha, picha haitatokea safi. Kibweta kilifanywa ili kuyaondoa mashaka hayo yote mawili.

Katika mwaka wa 1839 Daguerre, Mfaransa, aliwajulisha watu namna ya kupiga picha juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Mwaka wa 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer akaonyesha njia ya kutumia bamba la kioo. Njia yake ilikuwa njema, lakini ilikuwa na taabu kuu: bamba lilipakwa dawa, likapigwa picha, na kusafishwa, yote hayo kabla dawa haijakauka. Kwa hiyo msafiri alichukua hema la giza pamoja na chupa zake zote. Tunayo habari ya jambo hili katika nchi zetu. Mwaka wa 1860 James Augustus Grant alipofuatana na Speke kutafuta chimbuko la mto Nile, alipiga picha Unguja. Walipoanza safari ya bara, Speke aliirudisha kamera pwani, kwa kuwa aliona joto la kufanya kazi ndani ya hema lile dogo lingemwua mwenzake. Tangu hapo Grant akachora kwa mkono.

Taabu hiyo ilipata dawa mwaka wa 1871, wakati Richard Leach Maddox, tabibu wa Uingereza, alipotangaza namna ya kuchanganya dawa ya picha na gundi ya jelatini, hata bamba likaweza kutumika likiwa kavu. Sasa bamba liliweza kutayarishwa mbele, likafungwa ndani ya kibweta, likasafiri siku nyingi. Mwaka wa 1888 John Carbutt wa Philadelphia, Marekani, akaanza kuuza vipande vya seluloidi vilivyopakwa dawa ile ile, vyepesi na visivyovunjika. Hiyo ndiyo filamu ya kipande. Mwaka huo huo George Eastman alileta kamera yake ya Kodak yenye picha 100 katika mzingo mmoja. Watu wakagawanyika: wengi wakapenda mzingo kwa wepesi wake, na wachache wakashikamana na kipande kimoja kimoja.

Tuseme sasa namna kibweta kinavyotumiwa. Kwa desturi kina pande mbili, kila upande filamu moja, na juu ya kila filamu kifuniko cha kuchomoa. Filamu hutiwa katika giza tupu, maana filamu nyingi haziwezi kuvumilia hata taa nyekundu. Je, asiyeona atajuaje upande wenye dawa? Ukingoni mwa filamu vimekatwa vipengo vidogo. Ukiishika filamu wima, navyo vipengo viko pembe ya juu upande wa kulia, basi dawa inakutazama. Kifuniko nacho kina alama: upande mweupe ukiwa nje, filamu haijapigwa, upande mweusi ukiwa nje, imekwisha kupigwa. Asahauye kukigeuza hupiga picha mbili juu ya moja, akamwona bwana arusi amesimama juu ya paa la nyumba ya jirani.

Watu wa Ulaya walikuwa na kamera za kadiri, si kubwa wala ndogo sana, za bamba la sentimeta 6.5 kwa 9. Filamu zilipokuja, kwa kuwa ni nyembamba kuliko kioo, zilitiwa kwanza ndani ya ala ya bati ili dawa isimame pale pale iliposimama ya kioo. Hata Rolleiflex ya Ujerumani, iliyotoka mwaka wa 1929 kwa ajili ya mzingo, ilipata kifaa cha nyuma cha kupokea mabamba. Hasselblad ya Sweden, iliyotoka mwaka wa 1948, nayo baadaye ilifanyiwa kibweta chake.

Huenda mtu akauliza: mwenye mzingo wa picha 12 ataka nini kwa filamu moja? Jibu ni hili. Picha zote za mzingo husafishwa pamoja, kwa dawa moja na muda mmoja, iwapo moja ilipigwa juani na nyingine kivulini. Ni kama kupika mahindi makavu na mchicha katika chungu kimoja: moja litaiva, jingine litaharibika. Filamu ya kipande husafishwa peke yake, kwa kadiri ya haja yake.

Mifano miwili itatosha. Tarehe 29 Mei 1919 jua lilipatwa, naye Arthur Eddington alikuwa katika kisiwa cha Príncipe, magharibi ya Afrika, ili apime kama nuru ya nyota hupinda karibu na jua, kama Einstein alivyosema. Alikuwa na dakika tano tu, na mawingu yalitanda. Alishughulika mno na kubadili mabamba hata hakupata kulitazama jua ila mara mbili. Katika mabamba 16, mawili ndiyo yaliyofaa. Na hayo, pamoja na yale ya wenzao waliokuwa Sobral, Brazili, yalithibitisha neno la Einstein.

Mfano wa pili ni wa Mmarekani Ansel Adams. Jioni ya tarehe 1 Novemba 1941 aliona mwezi ukipanda juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico, na jua la mwisho likiangaza misalaba ya makaburini. Akapiga filamu moja, akakigeuza kibweta upesi apige ya pili. Lakini jua lilikuwa limekwisha kuiacha misalaba. Ikabaki moja tu. Aliisafisha peke yake kwa uangalifu mkubwa, na mwaka wa 1948 akaitia dawa tena sehemu ya chini iliyokuwa hafifu. Kama ingalikuwa katikati ya mzingo, asingaliweza kuitunza hivyo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Filamu za vipande zingali zikitengenezwa hata leo, ingawa simu ya mfukoni hupiga picha elfu bila taabu. Nasi tuna neno moja la kuwaomba. Mkikuta mabamba ya kioo katika sanduku la wazee wenu, msiyatupe wala msiyaoshe. Yashikeni kwa kingo, msiguse upande wa dawa, mkayaweke mahali pakavu, kila moja katika karatasi yake. Yamkini ndani ya kioo hicho umo uso wa babu ambaye hana picha nyingine duniani.