Gari Limepanda Inchi Ngapi? Kisa cha Isiolo

Leo naacha programu kando kidogo.

Kwa miaka mingi lami ya kutoka Nairobi iliishia hapa Isiolo. Mbele, takriban kilomita 500 hadi Moyale, ilikuwa mawe na vumbi tupu. Ndiyo maana mtu mwenye Land Rover au Land Cruiser alitaka liinuliwe.

Nami niliinua langu. Nikapima kutoka madigadi hadi ardhini, kabla na baada: limepanda inchi 3! Fundi akacheka. "Na tairi je?" Kweli, nilikuwa nimetoa tairi za kimo cha inchi 29 nikaweka za 31. Nusu ya tofauti hiyo, yaani inchi 1, ilitoka kwa tairi. Springi zilileta 2 tu.

Basi pima hivi: gari lisimame pahali tambarare, bila mzigo, kisha pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Hapo tairi haidanganyi. Andika namba za magurudumu yote manne kabla springi za zamani hazijatolewa. Ni kama bakapu: ukisahau, umekwisha.

Mwaka 2007 kazi ya lami ilianza kutoka Isiolo kuelekea Merille, na katika miaka ya 2010 lami ikafika Moyale. Sasa watu wanakimbiza magari. Kimo kilichotuvusha mawe ndicho kinachoweza kutupindua kwenye kona. Kwa hiyo ijue namba yako, ndugu yangu, kabla hujakanyaga mafuta.