Barabara ya Nduguti: Kutoka Njia ya Boma hadi Njia ya Majirani

Historia ya usafiri nchini Tanzania imeandikwa zaidi kwa kuzitazama bandari na reli. Barabara za mkoa hazikupata bahati hiyo, ingawa ndizo zinazopitwa na watu wengi zaidi katika maisha yao ya kila siku. Katika mhadhara huu nakusudia kuitazama mojawapo: ile inayoachana na barabara kuu ya Singida na Nzega pale Iguguno, ikapitia Nduguti hadi Gumanga, kisha ikaelekea mto Sibiti. Hoja yangu ni kwamba kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, barabara za eneo hili zilitengenezwa ili kumfikisha mwananchi kwa mtawala. Kumfikisha kwa jirani yake ni kazi iliyokuja baadaye sana.

Na tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili kina njia na kina barabara, na maneno haya mawili hayalingani. Njia ni neno la asili ya Kibantu, na jambo lenyewe huzaliwa kwa nyayo: watu wakipita mara kwa mara, majani hulala na njia ikapatikana. Barabara hupimwa, huchongwa na hutunzwa. Ina mwenyewe, na mwenyewe huyo aghalabu ni dola. Kabla ya dola ya kikoloni, nchi ya Wanyiramba na Wanyisanzu ilikuwa na njia tele. Wataturu walipitisha mifugo yao, Wahadzabe waliwinda pembezoni mwa ziwa Eyasi, na misafara ya Wasukuma ilitoka magharibi kufuata chumvi ya ziwa hilo. Njia hizo ziliwaunganisha watu wa lugha na mila tofauti bila ya amri ya mtu yeyote.

Wajerumani walipojenga boma lao Mkalama, mwanzoni mwa karne ya 20, mkao wa njia ulibadilika. Kodi ya nyumba, iliyokwisha kuanzishwa katika koloni mwaka 1898, ilidai fedha au kazi, na vyote viwili vilielekezwa bomani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walirithi utaratibu huo. Makao ya wilaya hatimaye yakawa Kiomboi, na barabara zikafuata huko. Chini ya tawala za wenyeji, zilizowekewa sheria yake mwaka 1926, asiyeweza kulipa kodi aliweza kutakiwa kuilipa kwa jasho, na kazi ya barabara ilikuwa miongoni mwa kazi hizo. Ndiyo maana tunasema barabara ilikuwa na mwenyewe: aliyeichonga hakuwa aliyeamua iende wapi.

Katika muongo wa 1930 ilionekana kana kwamba barabara ingepoteza umuhimu wake. Reli ya tawi ilijengwa kutoka Manyoni kupitia Singida hadi Kinyangiri, mahali palipo leo katika wilaya ya Mkalama. Lakini reli hiyo haikujilipia gharama, na katika muongo wa 1940 ikafungwa na kung'olewa. Miongo kadhaa baadaye tawi hilo lilijengwa upya, safari hii likaishia Singida mjini; Kinyangiri haikurudishiwa reli yake. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Reli ilikuwa msala uliopita. Barabara ya vumbi ndiyo mbacha uliobaki.

Hata hivyo, mbacha huo ulikuwa na tundu kubwa upande wa kaskazini. Mto Sibiti hupokea maji ya ziwa Kitangiri na kuyapeleka ziwa Eyasi, na mvua zikizidi bonde lake hufurika. Ng'ambo yake iko Meatu. Kwa msafiri wa gari, masika yaliweza kuwafanya majirani hawa wawili kuwa wageni: aliyetaka kufika ng'ambo alilazimika kuzunguka mbali kupitia barabara kuu, au kungoja maji yapungue. Mfanyabiashara wa nafaka au wa mifugo, na mgonjwa pia, walilijua vema gharama la kungoja huko.

Mwaka 2012 ramani ya utawala ilichorwa upya pande zote mbili za mto. Kusini, wilaya ya Mkalama ilimegwa kutoka Iramba, na Nduguti ikawa makao yake makuu. Kaskazini, Meatu ilitoka mkoa wa Shinyanga na kuingia mkoa mpya wa Simiyu. Ujenzi wa daraja la Sibiti, lenye urefu wa mita 82, ulichukua miaka mingi, na magari yakaanza kupita juu ya mto mwishoni mwa muongo wa 2010. Sasa mstari ule mwembamba katika ramani hauishii tena mtoni.

Ikumbukwe pia kwamba ukanda wa Sibiti umeingia katika mjadala mpana zaidi. Mwezi Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki ilizuia ujenzi wa barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa hifadhi ya Serengeti. Wazo la kuizunguka hifadhi kwa upande wa kusini, kutoka Karatu na Mbulu kupitia Haydom na Sibiti hadi Maswa, likapata uzito zaidi.

Tunapata funzo gani? Ukubwa wa barabara haupimwi kwa lami peke yake, bali kwa swali hili: inamfikisha nani kwa nani? Boma la Mkalama liliyavuta yote kwake. Reli ya Kinyangiri ilivuta mazao kuelekea Manyoni. Daraja limerudisha, kwa zege na chuma, uhusiano ambao misafara ya chumvi ilikuwa nao kwa miguu. Lakini daraja bila ya barabara inayotunzwa ni nusu ya kazi. Wakala wa Barabara, ulioundwa mwaka 2000, ndio wenye dhamana ya barabara kuu na za mkoa. Na kila masika huuliza upya kama dhamana hiyo imetimizwa. Mwanahistoria naye anao wajibu wake: kuyahoji na kuyaandika ya wazee waliozichonga barabara hizi kwa majembe, kabla kumbukumbu zao hazijafutika kama zilivyofutika nyayo katika njia za kale.