Bima ya uzembe wa kitabibu: uzito wa saa na tarehe mpakani

Bima ya dhima ya kitaaluma ni mkataba ambao daktari au hospitali huulipia ili, mgonjwa akidhurika kwa uzembe, fidia itolewe na kampuni ya bima. Mkazi wa Molo, wilayani Tororo, huenda hajawahi kuisikia. Lakini akiishtaki kliniki ndogo ya binafsi na kushinda, mara nyingi bima hiyo ndiyo huamua kama hukumu itageuka fedha au itabaki karatasi.

Mikataba mingi ya aina hii hufuata tarehe ya dai: kampuni hulipa iwapo dai limearifiwa mkataba ungali hai, na tukio halikutangulia tarehe iliyotajwa ndani yake. Zamani taarifa ilisafiri kwa barua kupitia wakala, na barua iliyochelewa ilitosha kuzusha ubishi. Mifumo ya kompyuta hulipokea dai papo hapo na kulipiga muhuri wa saa. Nchini Kenya madaktari huhuisha leseni kwa mtandao, na uthibitisho wa bima ni miongoni mwa masharti.

Kompyuta ya bima haifui dafu ikiwa wodini hakuna kumbukumbu. Mwaka 2015, Mahakama Kuu ya Uganda iliiamuru serikali ya wilaya ya Nakaseke kuilipa shilingi milioni 35 familia ya mama aliyefariki katika uchungu wa kujifungua. Suala zito lilikuwa saa ambazo daktari wa zamu hakuonekana. Katika vituo vyetu vingi vya umma, historia ya mgonjwa ingali inaandikwa katika daftari la shule analolinunua mwenyewe. Likilowa mvua, ushahidi umekwenda.

Mpaka nao huzidisha ugumu. Anayetoka Molo kutibiwa Busia, upande wa Kenya, huingia chini ya sheria nyingine: dai la madhara dhidi ya Serikali ya Uganda au wilaya hufunguliwa ndani ya miaka 2, dhidi ya Serikali ya Kenya ndani ya miezi 12. Mikataba ya bima pia hutaja nchi ambamo inatumika. Sheria za ulinzi wa data za nchi zote mbili, zilizopitishwa mwaka 2019, zinampa mgonjwa haki ya kuziona taarifa zake. Aombe nakala yenye tarehe, saa na jina la aliyemhudumia, kabla hajavuka kurudi nyumbani.