Montaillou

Montaillou ni kijiji kidogo cha milimani kusini mwa Ufaransa, katika eneo la Ariège, kiasi cha mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mwanzoni mwa karne ya 14 kilikuwa na watu kati ya 200 na 250 na kilikuwa chini ya kabaila wa Foix. Hakikuwa na kinu cha maji wala barabara ya kupitisha mkokoteni. Nafaka ilipakiwa juu ya nyumbu hadi mji wa Ax, ikasagwa huko na kurudishwa unga. Kijiji hiki kinajulikana leo kwa sababu ya kesi. Kati ya 1318 na 1325 Jacques Fournier, askofu wa Pamiers, aliwahoji watu wa milima hiyo waliotuhumiwa uzushi, naye hakuwa mtu wa kuuliza swali moja akaridhika. Alitaka kujua nani alikuwa jikoni usiku ule, alikaa upande gani wa moto, alisema nini, na nani alitoka kwanza. Makarani wake waliyaandika majibu kwa Kilatini. Wakulima wa Ulaya ya Zama za Kati hawakuacha maandishi yao wenyewe, kwa hiyo buku la Fournier ni mojawapo ya mahali pachache ambapo sauti zao zinasikika, ingawa zinasikika mbele ya hakimu.

Uzushi uliowindwa ni ule wa Wakathari. Hawa walifundisha kwamba dunia hii inayoonekana, na mwili pamoja nayo, ni kazi ya Shetani, na kwamba roho imefungwa ndani ya nyama ikingoja kuokolewa. Viongozi wao, walioitwa watu wema, hawakula nyama, mayai wala jibini, hawakugusa mwanamke, na ndio peke yao waliokuwa na uwezo wa kutoa ibada ya kuwekea mikono iliyofuta dhambi zote. Muumini wa kawaida aliishi kama wengine, akala na kuoa, akitumaini kuipata ibada hiyo karibu na kufa. Kanisa Katoliki lilianzisha vita ya msalaba dhidi yao mwaka 1209. Ngome ya Montségur ilipoanguka mwaka 1244, zaidi ya 200 kati yao walichomwa moto. Wengi walidhani habari yao imekwisha. Lakini mwaka 1296 Pierre Authié, mthibitishaji wa hati mjini Ax, aliondoka na nduguye Guillaume kwenda Lombardia nchini Italia, wakarudi miaka michache baadaye wakiwa watu wema. Walitembea usiku na kulala katika nyumba za ndugu na marafiki, na Montaillou ikawafungulia milango.

Milango hiyo ndiyo jambo la kuelewa. Imani ya Montaillou haikuwa ya mtu mmoja mmoja. Ilikuwa ya nyumba, ambayo wenyewe waliiita ostal. Nyumba ilikuwa jengo, ukoo, mashamba, kondoo na jina, vyote kwa pamoja. Nyumba ya Belot na ya Benet ziliwapokea watu wema, nyumba ya Azéma ilikuwa upande wa Kanisa, na kijana aliyeoa au kuolewa kutoka nyumba moja kwenda nyingine aliingia pia katika dini yake, au angalau alijifunza kunyamaza. Mafundisho hayakutolewa madhabahuni. Yalitolewa jikoni usiku, penye moto, kati ya nyama ya nguruwe iliyotundikwa darini na benchi la wanaume. Nyumba hata ilikuwa na bahati yake ya kulindwa: Pons Clergue, mkuu wa nyumba iliyokuwa na nguvu kuliko zote, alipofariki, walimkata nywele na kucha wakazihifadhi, ili neema ya nyumba isiondoke na maiti.

Nyumba hiyo ya Clergue ndiyo iliyotawala kijiji. Mwana mmoja, Bernard, alikuwa msimamizi wa kabaila, mkusanyaji wa kodi na fungu la kumi. Mwingine, Pierre, alikuwa paroko. Pierre Clergue aliadhimisha misa, alisikiliza maungamo, aliwapokea Wakathari nyumbani kwake, na alikuwa na wanawake wengi kijijini na nje yake. Mashuhuri kati yao ni Béatrice de Planissoles, mjane wa msimamizi wa ngome ya Montaillou. Béatrice alimweleza askofu kwamba paroko alikuwa akija na mmea uliofungwa kwa uzi, naye aliuvaa shingoni wakati wa kujamiiana ili asishike mimba. Alipokamatwa mwaka 1320, mzigo wake ulikutwa na vitovu vya wajukuu wake, alivyovihifadhi akiamini vingemsaidia kushinda kesi mahakamani, na kitambaa chenye damu ya kwanza ya hedhi ya binti yake, cha kumfanya mume wa binti huyo ampende daima. Mwanamke huyohuyo, baada ya kujifungua, alikuwa amempelekea Bikira Maria mshumaa alioupaka rangi kwa mkono wake. Wala hakuwa peke yake katika kuchanganya hivyo. Mengarde, mama yake paroko na rafiki wa Wakathari, alizikwa kanisani, chini ya altare ya Bikira. Anayetafuta mstari ulionyooka kati ya Ukatoliki, uzushi na uganga katika milima hii atachoka bure.

Maisha ya kila siku yalikuwa ya nafaka haba za mlimani, mkate, kabichi, jibini na kipande cha nyama ya nguruwe. Mvinyo ulikuja kwa nyumbu na ulikuwa wa siku maalumu. Watu hawakuoga sana. Walitoana chawa, na hiyo ilikuwa kazi ya wanawake: mke alimtoa mumewe, binti mama yake, kimada mpenzi wake, wakiwa wamekaa juani mlangoni au juu ya paa, na maongezi yaliyofanyika hapo yamejaza kurasa nyingi za buku la askofu. Siku zilihesabiwa kwa sikukuu za watakatifu kuliko kwa tarehe. Waliojua kusoma walikuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, paroko akiwa mmoja wao.

Nje ya nyumba walikuwapo wachunga kondoo. Majira ya joto walipanda na mifugo kwenye malisho ya juu, majira ya baridi walishuka upande wa Catalonia, wakiishi kwenye vibanda na kutengeneza jibini. Pierre Maury, aliyezaliwa Montaillou karibu mwaka 1282, ndiye anayejulikana zaidi. Hakuwa na nyumba wala mke, marafiki aliwapata kwa kusimamia ubatizo wa watoto wa watu, na alisema mtu hawezi kukwepa kilichoandikwa juu yake. Alimtumikia kwa uaminifu Guillaume Bélibaste, wa mwisho wa watu wema wa kusini mwa Ufaransa, aliyekuwa amekimbilia Hispania. Bélibaste, pamoja na viapo vyake vya useja, aliishi na mwanamke aitwaye Raymonde. Raymonde alipopata mimba, Bélibaste alimshawishi Maury amwoe, na baada ya siku chache akaivunja ndoa aliyoifungisha mwenyewe. Maury alielewa kilichofanyika, na hakumwacha.

Ukali wa imani hii ulionekana zaidi penye kifo. Aliyekwisha kuwekewa mikono hakutakiwa kula tena vyakula vilivyokatazwa, na wengine walifunga hadi wakafa. Huko Arques mtoto mchanga wa Sybille Peyre, akiwa mgonjwa sana, aliwekewa mikono na mtu mwema Prades Tavernier, kinyume cha kanuni za Wakathari wenyewe, na mama akaambiwa asimnyonyeshe tena. Wanaume walipotoka, alimpa ziwa. Mumewe alimkasirikia kwa muda mrefu.

Pigo la kwanza lilifika Septemba 1308, wakati askari wa mahakama ya uzushi ya Carcassonne walipokizingira kijiji na kuwakamata watu wazima wote. Wengi waliachiwa baadaye. Pierre Authié alichomwa moto Toulouse mwaka 1310. Paroko Clergue alisalimika, kwa kuwa alikuwa amejifanya jicho la mahakama kijijini, akiwashtaki maadui na kuwaficha ndugu. Nyumba ya Maurs iliyompinga ilisambaratishwa. Mengarde Maurs, aliyethubutu kusema hadharani uzushi wa akina Clergue, alikatwa ulimi. Fournier alipokuja, ujanja huo haukufua dafu. Paroko alikamatwa mwaka 1320 akafia kifungoni bila kutoa ushahidi wowote uliobaki. Bernard alitumia fedha nyingi kutaka kumtoa, akafungwa mwenyewe na kufa mwaka 1324. Bélibaste alisalitiwa na Arnaud Sicre, fundi viatu aliyetaka kurudishiwa mali ya mama yake, Mkathari aliyechomwa moto. Bélibaste alichomwa Villerouge-Termenès mwaka 1321. Maury alifungwa mwaka 1324. Béatrice alitoka gerezani mwaka 1322 akiwa ameamriwa kuvaa misalaba ya njano kwenye nguo zake. Waliochomwa kwa hukumu ya Fournier mwenyewe walikuwa watano tu, wengi wao wakiwa Wawaldo wa Pamiers, kundi jingine lililotuhumiwa uzushi, na si Wakathari.

Fournier alichaguliwa kuwa Papa Benedikto XII mwaka 1334, akaanza ujenzi wa jumba la mapapa huko Avignon. Buku lake sasa liko katika Maktaba ya Vatikani. Jean Duvernoy alilichapisha mwaka 1965, na mwaka 1975 mwanahistoria Emmanuel Le Roy Ladurie akalitumia kuandika kitabu juu ya Montaillou kilichonunuliwa kwa wingi hata na wasiosoma historia. Wataalamu hawakukipokea wote kwa mikono miwili. Duvernoy alikosoa jinsi Le Roy Ladurie alivyokisoma Kilatini, na Leonard Boyle, padri Mdominiko, aliona kwamba maisha ya kawaida ya parokia ya Kikatoliki hayakutendewa haki. Lipo pia suala la lugha: mashahidi walisema Kioksitani, karani akaandika Kilatini, kisha wakasomewa kauli zao kwa lugha yao wazithibitishe, mbele ya mtu mwenye uwezo wa kuwafunga maisha.