Chuma, Dripu na Degedege

Kisiwani Pemba, ukitoka Konde kwenda Makangale, barabara inapita ndani ya Msitu wa Ngezi, miti imefungana juu kama dari. Usiku, mama aliyempakata mtoto mwenye degedege huiona njia hiyo haina mwisho. Zamani wengi katika mwambao wetu waliamini degedege ni la shetani, na kwamba sindano humuua mtoto aliyepatwa nalo. Walianza kwa mafusho. Aliyefikishwa hospitali kachelewa akafa, na sindano ikabeba lawama.

Lakini hata madaktari walikuwa na imani zao zisizopimwa. Upungufu wa damu hutibiwa kwa madini ya chuma, nani angebisha? Pemba ilibisha. Katika utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 24,000 wa chini ya miaka mitatu, waliopewa chuma na foliki walilazwa au kufa kwa asilimia 12 zaidi ya wenzao. Malaria ilikuwa imeshamiri kisiwani. Agosti 2003 wasimamizi wakasimamisha ugawaji, na baadaye Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake.

Kisha ikaja zamu ya kwinini. Mwaka 2010, utafiti wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo hospitali za Muheza na Korogwe nchini Tanzania, ulionyesha kuwa waliochomwa dawa ya atesuneti walikufa asilimia 8.5, wa kwinini 10.9.

Mwaka uliofuata dripu nayo ikapimwa, katika hospitali za Kenya, Uganda na Muheza. Watoto wenye homa kali na damu isiyozunguka vyema walimiminiwa maji kwa kasi, kama vitabu vilivyoagiza. Ndani ya saa 48 walikufa zaidi ya 10 katika kila 100, wasiomiminiwa, 7. Waliokaukiwa kwa kuharisha hawakuwemo: hao maji bado ni uhai wao.

Dawa nyingine haina chupa. Blantyre, Malawi, wahudumu walianza kuwachuja watoto mlangoni: anayehema kwa shida, aliyezirai au mwenye degedege asingoje foleni. Tangu 2005 utaratibu huo umo katika mafunzo ya Shirika la Afya Duniani.

Mama wa Makangale keshapoteza muda wa kutosha msituni. Akifika, muuguzi anayeinua macho kutoka kwenye daftari na kumtazama mtoto kifuani ndiye tiba ya kwanza.