Mtumba na Kasha: Historia ya Nguo za Kudumu kutoka Pwani hadi Usukuma

Utangulizi

Maneno ya lugha hutunza kumbukumbu ambazo watumiaji wake wamekwisha kuzisahau. Neno *mtumba* ni mfano mzuri. Kwa msemaji wa leo, awe Kariakoo au Bariadi, mitumba ni nguo zilizokwisha kuvaliwa na watu wengine ng'ambo. Katika Kiswahili cha karne ya 19 neno hilo lilikuwa na maana tofauti kabisa: mtumba ulikuwa furushi la nguo mpya, lililofungwa kwa ustadi ili libebwe na mpagazi mmoja wa msafara. Uzito wake ulikuwa takriban frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei. Mhadhara huu unajadili safari ya neno hilo kutoka maana ya kwanza hadi ya pili, kwa kuwa ndani ya safari hiyo imo historia ya jamii zilizojua kuchagua nguo, kuilimbikiza na kuitunza ikadumu.

Merikani, kaniki na vipimo vyake

Itakumbukwa kwamba ufumaji haukuwa jambo geni barani. Wanyamwezi na Wafipa walilima pamba na kufuma nguo nzito kwa vitanda vya mkono, na katika Ufipa ufundi huo uliendelea hadi karne ya 20. Hata hivyo, ufumaji huo ulikuwa wa polepole mno kuweza kushindana na nguo zilizoletwa kwa majahazi na merikebu.

Mwaka 1833 Sayyid Said alitiliana saini na Marekani mkataba wa biashara, na mwaka 1837 konsuli wa kwanza wa Marekani alianza kazi Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walinunua pembe, ngozi na sandarusi, na walileta nguo nyeupe isiyong'arishwa iliyofumwa katika viwanda vya kwao. Wenyeji waliiita *merikani*. Ilipendwa kwa sababu moja kuu: ilikuwa nzito na ilidumu. Viwanda vya Uingereza viliiga nguo hiyo, lakini wanunuzi wa bara walikuwa wajuzi, wakaitambua kwa mkono na kwa jicho. Ni pale tu Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilipokatiza usafirishaji ndipo nguo za Uingereza na za India zilipopata nafasi pana zaidi. Sambamba na merikani ilikuwako *kaniki*, nguo iliyotiwa rangi ya nili, ambayo ilifaa kwa kazi kwa kuwa haikuonesha uchafu upesi.

Wapagazi waliobeba mitumba hiyo walikuwa kwa sehemu kubwa Wanyamwezi na Wasukuma, na ujira wao wenyewe mara nyingi ulilipwa kwa nguo. Kwa njia hiyo vipimo vya pwani vilisambaa bara. Mikono minne ilifanya shuka moja, shuka mbili zilifanya doti, na kipande kizima cha yadi takriban 30 kiliitwa jora. Kisukuma kilikuwa na neno lake la nguo, *ng'wenda*, ambalo kwa wingi ni *myenda*. Neno hili lina ndugu zake katika lugha kadhaa za Kibantu, na ni ushahidi kwamba dhana ya nguo ilikuwako kabla ya misafara. Kilichokuja na misafara ni nguo kuwa kipimo cha mali. Hongo, mahari na faini vilihesabiwa kwa doti. Mtu hakuweka nguo kwa ajili ya kujipamba tu. Aliweka akiba.

Kasha la mwanamke wa pwani

Akiba hiyo ilihitaji mahali pa kuwekwa. Katika miji ya pwani mahali hapo palikuwa kasha, sanduku la mbao lililopambwa kwa misumari ya shaba. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 kanga iliingia ndani ya kasha hilo na kulitawala. Kabla yake wanawake waliunganisha leso, neno lililotokana na Kireno, na kupata nguo moja pana. Baadaye wafanyabiashara wakaagiza nguo hiyo ikiwa imepigwa chapa tayari. Kanga ikawa na sehemu tatu mashuhuri: pindo, mji na jina. Maneno yake yaliandikwa kwanza kwa hati ya Kiarabu, kisha kwa hati ya Kirumi. Baada ya utumwa kukomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897, wanawake waliokuwa wamelazimika kuvaa merikani na kaniki za hali ya chini walikuwa miongoni mwa walioipokea kanga kwa hamu kubwa, kwa kuwa nguo ilitangaza hadhi mpya.

Inafaa kuzingatia kwamba majina ya malipo ya harusi ya pwani ni majina ya nguo: *kilemba* cha baba wa bibi harusi, *mkaja* na *ubeleko* wa mama yake. Mkaja ni mshipi afungwao mwanamke baada ya kujifungua. Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto. Hata malipo hayo yalipogeuka kuwa fedha taslimu, majina yalibaki. Hapa lugha inatamka wazi deni la bwana harusi: anamrudishia mama nguo alizozichakaza kwa kumlea binti.

Utunzaji nao ulikuwa na msamiati wake. Nguo mpya ililowekwa katika maji ya chumvi ili isichuje. Iliposuuzwa ilianikwa kivulini, kwa kuwa jua hufifisha rangi, na ilianuliwa kabla haijakauka mno. Ilikunjwa, ikafukizwa udi, ikawekwa kashani pamoja na karafumaiti ili nondo wasiikaribie. Doti bora, hususani kisutu cha harusi, haikuvaliwa ovyo. Aidha, kila nguo ilipita daraja zake: ilianza kuwa ya kutokea, ikawa ya nyumbani, ikawa mbeleko, ikawa winda la mtoto, na mwisho ikawa tambara. Kiraka hakikuwa aibu. Aibu ilikuwa kuazima, kama isemavyo methali kwamba nguo ya kuazima haisitiri makalio.

Wakulima wa pamba na nguo zao

Huko Usukumani historia ilichukua mkondo mwingine. Kilimo cha pamba ya biashara kilianzishwa wakati wa utawala wa Wajerumani na kupanuliwa sana chini ya Waingereza. Watafiti wa Ukiriguru, karibu na Mwanza, walizalisha mbegu ambazo majina yake hadi leo huanza na herufi UK. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima viliungana katika shirikisho lililoongozwa na Paul Bomani. Pamba ilipouzwa, kaya ilinunua nguo, na kwa wengi hiyo ilikuwa mara moja kwa mwaka. Nguo inunuliwayo mara moja kwa mwaka haina budi kudumu mwaka mzima, na zaidi. Hivyo mkulima alichagua kama alivyochagua mpagazi wa zamani: kwa uzito wa kitambaa na uimara wa mshono.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 viwanda vya Urafiki, Dar es Salaam, na Mwatex, Mwanza, vilianza kazi. Pamba ya Usukuma iliweza kurudi kwa aliyeilima ikiwa khanga au kitenge. Mzunguko huo haukudumu. Uhaba wa fedha za kigeni na vipuri uliwakumba wenye viwanda, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo zilikuwa adimu madukani. Biashara ilipolegezwa masharti kuanzia mwaka 1984, nguo zilizokwisha kuvaliwa zikaingia kwa wingi, zimefungwa katika marobota, na neno la wapagazi likapata maana mpya.

Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliafikiana kuziondoa nguo hizo sokoni ndani ya miaka mitatu. Wafanyabiashara wa Marekani walilalamika, na nafuu ya ushuru wa mpango wa AGOA ikatishiwa. Tanzania, Kenya na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda iliyoshikilia msimamo ilisimamishiwa nafuu ya mavazi mwaka 2018. Nchi ile ile iliyoleta merikani mpya na imara ndiyo iliyotetea soko la nguo kuukuu.

Hitimisho

Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012, ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa pamba nchini, ilhali sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa haijafumwa. Hali hiyo haiwezi kutibiwa kwa kuwalaumu wanunuzi wa mitumba. Mwenye kipato kidogo anayepekua rundo la nguo mnadani akitafuta kitambaa kizito na mshono imara anaendeleza ujuzi wa kale, tena kwa jicho lile lile lililoikataa merikani ya kuiga.

Linalopotea ni jingine. Nguo inayopatikana kwa urahisi haidai kuanikwa kivulini, na isipodai hivyo, maneno ya kuitunza hukosa kazi. Vijana wengi wanalijua pindo la kanga bila kujua kupiga pindo. Wanaujua mtumba bila kumjua mpagazi. Msamiati huo unapaswa kukusanywa kwa wazee wa pwani na wa bara wangali hai, kwa sababu jamii ikikosa neno la kutengeneza kilichochakaa, itabakiwa na neno la kutupa tu.