Taa ya ABS kwenye pikapu ya zamani: anzia hapa kabla hujanunua pampu

Maswali ya taa ya ABS yamekuwa mengi, hasa kutoka kwa vijana wanaoendesha Hilux za zamani za mizigo. Nimeona niyajibu yote kwa mkupuo. Mimi Hilux ndiyo inayonilisha, na kazi ya breki huwa naifanya mwenyewe. Gereji moja iliwahi kuniambia pampu ya ABS imekufa, nitafute nyingine ya mtumba. Kumbe ni waya wa sensa ya mbele uliokatika kwa kusuguana na chesisi. Pampu ile ile naitumia mpaka leo.

Ukiwa kafe, chapa ukurasa huu umpelekee fundi wako.

KAZI YA ABS NI NINI

Ukikanyaga breki ghafla, tairi inaweza kujifunga na gari likaserereka. Tairi iliyojifunga haifuati usukani. ABS inaachia na kukamata breki haraka haraka, mara nyingi kwa sekunde, ili tairi iendelee kuzunguka na wewe uweze kukwepa. Mfumo huu uliingia kwenye magari ya kawaida mwaka 1978, Bosch walipoutengeneza kwa ajili ya Mercedes-Benz S-Class.

Vitu vikubwa ni vinne: sensa za magurudumu, ringi zenye meno zinazosomwa na hizo sensa, kompyuta, na pampu yenye valvu. Baadhi ya pikapu za zamani, hasa za Marekani, zina ABS ya nyuma tu na sensa moja kwenye difu. Kwa hiyo kwanza jua gari lako lina sensa ngapi.

SOMA TAA KWANZA

- Taa ya ABS peke yake: breki za kawaida bado zipo. Unaweza kufika nyumbani, ila ukikanyaga kwa nguvu kwenye utelezi tairi zitajifunga.
- Taa ya ABS pamoja na taa nyekundu ya breki: simama. Angalia mafuta ya breki na uvujaji. Usipakie abiria hata mmoja mpaka ujue tatizo.
- Taa haiwaki kabisa unapowasha swichi: hapo huenda kuna mtu kachomoa balbu. Taa nzima inatakiwa iwake sekunde chache halafu izime yenyewe. Ukienda kununua gari, kitu hiki kiangalie kabla hata hujafungua boneti.

VITU VYA BURE, FANYA KABLA YA VYOTE

1. Kiwango cha mafuta ya breki. Kikiwa chini, usijaze tu ukaondoka. Ama pedi zimeisha ama kuna kuvuja.
2. Fyuzi ya ABS na relei zake.
3. Betri na chaji. Injini ikiwaka, mita isome karibu volti 13.5 hadi 14.5. Umeme ukipungua, ABS hujizima yenyewe.
4. Tairi. Ukifunga saizi tofauti mbele na nyuma, au kushoto na kulia, kompyuta inaona magurudumu yanazunguka mwendo tofauti na inaweza kuwasha taa.

KUTOA KODI BILA MASHINE

Hilux nyingi za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zinakupa kodi kwa kupepesa taa. Unahitaji kipande cha waya tu. Kwenye soketi ya chini ya dashibodi, unganisha TC (tundu namba 13) na CG (tundu namba 4). Kwenye kiboksi cha zamani cha chini ya boneti, unganisha Tc na E1. Hesabu matundu mara mbili: namba 16 ina moto wa betri moja kwa moja, ukiligusisha na CG utaunguza kitu. Matoleo mengine yanataka pia pini fupi ya kwenye kiboksi itolewe kwanza.

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa nyingine kama ya injini na ya airbagi zinaweza kupepesa pia, msishtuke. Taa ya ABS ikipepesa mfululizo bila kupumzika, hakuna kodi. Ikipepesa mara 3, ikatulia, kisha mara 1, hiyo ni 31.

- 11 hadi 14: relei za ABS na nyaya zake
- 21 hadi 24: valvu za ndani ya pampu
- 31: sensa ya mbele kulia
- 32: sensa ya mbele kushoto
- 33: sensa ya nyuma kulia
- 34: sensa ya nyuma kushoto
- 41: umeme mdogo
- 51: mota ya pampu imekwama

Ukishatengeneza, acha waya pale pale, swichi ikiwa imewashwa, kanyaga breki mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 3. Kodi zitafutika.

SENSA NDIYO MKOROFI WA KILA SIKU

Sensa ina sumaku, kwa hiyo inavuta vumbi la chuma. Ongeza tope letu, mawe, na fundi aliyevuta waya wakati anabadilisha beringi. Inua gari kwa jeki, weka na stendi, usiamini jeki peke yake. Kisha:

- Fuata waya kutoka kwenye gurudumu mpaka kwenye soketi yake. Tafuta palipokatika, palipochubuka au penye ukungu wa kijani.
- Pima ukinzani. Sensa za zamani za nyaya mbili kwa kawaida husoma karibu om 1,000 hadi 2,000. Linganisha kushoto na kulia. Mita isiposoma kitu, waya umekatika. Ikisoma sifuri, nyaya zimegusana.
- Weka mita kwenye volti za AC, zungusha gurudumu kwa mkono. Inatakiwa itoe volti kidogo, na izidi unapoongeza kasi.
- Safisha ncha ya sensa, angalia meno ya ringi kama yamevunjika, na tikisa gurudumu. Beringi ikicheza, nafasi kati ya sensa na ringi inabadilika na taa itawaka na kuzima bila mpango.

PEDALI INATETEMEKA LAMI KAVU

Kama pedali inatetemeka na kunguruma unapokaribia kusimama polepole, na taa haijawaka, shuku kutu chini ya sensa. Kutu inaiinua sensa mbali na ringi, na kwa mwendo mdogo mawimbi yake yanakuwa dhaifu. Kompyuta inadhani tairi imejifunga, inaachia breki, na gari linasogea mbele wakati wewe umekanyaga. Hapo mbele kunaweza kuwa na mtoto anavuka. Mwaka 2005 General Motors waliita pikapu zao za 1999 hadi 2002 kwa tatizo hili hili, katika majimbo ya Marekani yanayomwaga chumvi barabarani. Wadau wa Tanga, Dar na Mombasa, chumvi ya bahari mnaijua. Toa sensa, kwangua kutu mpaka kwenye chuma, rudisha.

USISAHAU VALVU YA MZIGO

Hilux nyingi zina valvu nyuma yenye kijiti kilichoshikana na ekseli. Inapima mzigo na kuongeza nguvu ya breki za nyuma. Ukiongeza springi, nyuma inainuka, valvu inadhani gari ni tupu na breki za nyuma zinapungua wakati umebeba tani nzima. Wengi wanailaumu ABS bure. Irekebishwe na fundi mwenye geji, isifungwe kwa waya.

Mwisho, kwenye kokoto ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama hata ikiwa nzima. Acha nafasi.

Ukipata kodi usiyoielewa, iandike hapo chini pamoja na mwaka wa gari, tusaidiane. Anayekwambia chomoa balbu, mwambie apande yeye nyuma na mzigo.